Sura ya Saba: Mrija Mkavu

Anastase Bahizi alikuwa ameketi mikono magotini, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri kupimwa presha. Tangu ofisi ifunguliwe hakuwa ametoa jibu hata moja la kushikika.

"Tuanze tena," alisema Laurence Kamikazi.

"Tuanze, madame."

Chumba kilikuwa kidogo, na aliyekijenga hakupenda hewa. Dirisha lilikuwa moja tu, limepigiliwa misumari tangu wezi wapite hapo, na nje yake lilionekana ziwa na jukwaa la gesi likielea mbali na ufuko. Bahizi alifanya kazi huko, katika chumba cha mitambo, ambako mkono wa mtu mmoja kwenye valvu moja unaweza kuzima taa za mji mzima, au kufanya mabaya zaidi ya hayo. Kwa hiyo hakuna aliyeingia chumba kile bila kibali cha usalama, na hakuna aliyepata kibali kabla Laurence hajamchimba hadi kwa majirani wa mama yake. Alikuwa mpelelezi wa polisi kabla kampuni haijamchukua. Hapa Gisenyi walimwita Madame Kibali, na hawakuwa wanamsifu.

Aligeuza simu yake ili Bahizi aone. Video ilikuwa fupi. Uani kwa watu, kijijini Kanama, maturubai meupe, siku ya kuposa. Bahizi akiwa na shuka la heshima begani, anainama juu ya kibuyu, anatia mrija kinywani. Koo linapanda na kushuka. Anafuta midomo, kisha anamkabidhi mrija mzee aliyeketi mbele yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na kibuyu kina nini?"

"Iko kibuyu ya heshima, madame. Ya kupatia bakwe."

"Sijauliza heshima yake. Nimeuliza kilichomo."

"Ikigage. Pombe ya mutama. Kila mutu anajua."

"Ulikunywa?"

Bahizi alitazama dirisha. Hapo ndipo walipokuwa wakikwama kila mara, na Laurence alianza kuhisi kwamba yeye ndiye anayehojiwa.

Mtu huyu Laurence alimjua vizuri kuliko alivyowajua baadhi ya ndugu zake. Zamani, Goma, Bahizi aliendesha lori la viazi akiwa amelewa, akamvunja mguu kijana aliyekuwa akisukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, karibu na mpaka wa Petite Barrière. Akafungwa. Alipotoka hakugusa tena chupa, na alipoomba kazi ya jukwaani aliyaandika yote hayo mwenyewe, bila kuulizwa. Laurence alivuka mpaka akamtafuta yule mwenye mguu. Akamkuta anauza maji, anachechemea, na hana kinyongo. Alisema Bahizi huja kila Jumapili baada ya misa, anakaa, anakunywa Fanta mpaka inachosha kumwangalia. Basi Laurence akampendekeza, kwa sharti moja: asiguse hata tone. Bahizi akatia sahihi. Sasa video hii ilikuwa imefika ofisini, na jina la Laurence lilikuwa chini ya pendekezo lile.

"Nisikilize," alisema. "Jela yako tuliisamehe kwa sababu uliisema mwenyewe. Ulevi wako tuliusamehe kwa sababu uliuacha. Ukiniambia leo ulikunywa, kibali kimekwisha. Ukinidanganya nikagundua, kimekwisha vilevile. Ukisema hukunywa, na iwe kweli, jioni unapanda boti na wenzako. Lakini neno litoke kinywani mwako. Kamati ya vibali haipokei kunyamaza."

Bahizi alipangusa uso kwa kiganja.

"Na ile neno, madame, inabakiaka hapa?"

"Kwa nini isibaki?"

"Ganza iko mutoto ya dada ya Vénuste. Kitu nasema hapa asubuhi, mangaribi iko Kanama."

Ganza ndiye aliyeleta video, naye ndiye ambaye angekalia kiti cha Bahizi kikiachwa wazi. Vénuste ni baba yake Connie, binti aliyeposwa siku ile na kijana wa Bahizi. Harusi ilipangwa iwe Jumamosi hii.

"Na Kanama kuna nini?"

"Muzee Twagirimana, baba ya Vénuste. Njo yule nilipatia muheha, ile mrija. Kesho yake alianguka. Iko hospitali. Banasema mambo."

"Mambo gani?"

"Baulize bo wenyewe. Mi siko na kitu ya kusema."

Akafunga mdomo, na Laurence akajua kwamba leo hautafunguka tena kwa maswali.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Jean-Luc, mkuu wa usalama, alikuwa mtu wa haraka, hata kofia yake ilikaa kichwani kama inayotaka kutangulia.

"Bon. Amesema?"

"Bado, chef."

"Donc tunafunga. Video ni video."

"Nipe mpaka boti ya jioni."

"Boti ikienda bila yeye, Laurence, huko hatarudi tena. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba mpaka boti."

Jean-Luc alimtazama Bahizi, akamtazama Laurence, akatoka. Hakusema ndiyo, lakini kwa Jean-Luc kutosema hapana ni ukarimu mkubwa.

*

Kantini ilikuwa tupu. Laurence aliagiza Fanta ya ndimu na mrija, akaegemeza simu kwenye chupa, akaitazama video upya. Halafu tena.

Jambo la kwanza lililomsumbua ni aliyepiga. Mtu anayetaka kumchongea mlevi hupiga picha ya mlevi akiyumba, akikumbatia mti, akiimba wimbo wa watu wengine. Hupiga chupa zilizopangwa mbele yake. Aliyepiga hii hakujali lolote la hayo. Aliisogeza kamera hadi kwenye uso na koo la Bahizi, akangoja koo lipande na lishuke, akaufuata mrija hadi kwa mzee, akakata. Huyu hakutaka kuonyesha ulevi. Alitaka kuonyesha kuonja.

Na kuonja, kwa watu wa huku, ni jambo zito. Anayeleta pombe huionja kwanza mbele ya anayempa, ili huyo ajue hakuna kilichotiwa ndani. Asiyeonja anaulizwa alikuwa anajua nini kuhusu pombe yake. Laurence alikulia Bukoba, mambo haya aliyajua kwa kusimuliwa zaidi ya kuyaishi, lakini yalitosha kumfanya aweke Fanta chini.

Alimwita Ganza. Kijana alikuja na ovaroli lake safi, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Wewe ulipiga hii?"

"Hapana, madame. Mi nilikuwa inje, napanga bavoiture, magari ya bageni."

"Uliipata wapi?"

"Kwa groupe ya familia, WhatsApp. Akaliza aliitumaka."

"Akaliza gani?"

"Binti ya Bahizi."

"Binti amchongee baba yake?"

"Mi sijui, madame. Sheria ya hapa inasema ukiona, useme. Niliona, nikasema." Masikio yalipata joto, yakawa mekundu kabisa. "Na kama nitapata kiti yake, siyo mi nilimwambia ainame pale."

Laurence alimwacha aende. Alikuwa amejiandaa kumchukia, na sasa akaona hana hata sababu nzuri ya kufanya hivyo. Akampigia Akaliza. Msichana alisikiliza sentensi mbili tu kabla ya kuanza kulia.

"Walikuwa wanasema papa hakuonja! Muzee alipoanguka, Vénuste akasema papa aliweka sumu kwa muheha, ju hakuonja. Nikatuma video nilipigaka siku ile, waone ameonja. Mi sikujua itafika kwenu. Madame, nimemufukuzisha papa kazi?"

"Bado," alisema Laurence.

Alikata simu, akamaliza Fanta kwa hasira. Na alipokuwa akivuta kwa nguvu ile ndimu ya mwisho, akajiona kwenye kioo cha friji: mashavu yameingia ndani kama ya bibi asiye na meno. Akaacha kuvuta. Mashavu yakarudi. Akavuta tena. Yakaingia.

Aliirudia video, sasa hakulitazama koo. Aliyatazama mashavu ya Bahizi, na yalikuwa pale pale, yametulia, toka mwanzo hadi mwisho. Alichomeza kilikuwa mate yake mwenyewe.

Hakunywa. Laurence alifurahi kwa muda mfupi sana, kisha akaelewa kwa nini mtu huyu hafungui mdomo. Akisema alikunywa, anapoteza kibali. Akisema hakunywa, neno litafika Kanama kabla ya chakula cha jioni, na huko atakuwa mtu aliyemkabidhi mzee pombe asiyoionja, na mzee akaanguka. Harusi itakufa siku hiyohiyo. Na baada ya harusi, Laurence hakutaka kufikiria kitakachofuata. Aliwahi kuwa polisi. Alijua watu hufanya nini na mtu waliyekwisha kumwita mtia sumu.

Aliita pikipiki, akamwambia dereva: hospitali.

*

Nyuma ya wodi kulikuwa na uwanja ambako wauguza wagonjwa hupika, na hapo alimkuta Mukamusoni, dada yake Vénuste, akikoroga uji wa baba yake. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kanga mbili na maneno mengi zaidi ya kanga.

"Ah, wewe njo madame wa Kiswahili ya Bukoba!" alisema. "Kaa. Unakunywa uji?"

"Nimeshakunywa Fanta, shangazi. Siku ya kuposa, nani alikuwa jikoni?"

"Mi njo nilikuwa mukubwa ya jikoni."

"Kile kibuyu cha heshima kilirudi kwako?"

Mwiko ulipunguza mwendo.

"Kilirudi."

"Kilirudi vipi?"

"Na miguu yake," alisema Mukamusoni, akacheka peke yake.

"Shangazi, kilikuwa kimepungua?"

Mwanamke alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akainama juu ya sufuria, na sauti yake ikashuka hadi kuwa ya kanisani.

"Kilirudi kimejaa. Mpaka juu. Nilishangaa, nikasema, bakubwa banakunywa namna gani hii?"

"Mkakifanyia nini?"

"Madame, unataka nife na haya?"

"Nataka unisaidie kuokoa harusi ya Connie."

"Tulikikunywa." Alijifunika mdomo kwa kanga. "Sisi bamama ba jikoni. Ilikuwa ikigage muzuri, madame, unajua kazi ya jikoni ni jua na moshi, na bo bakubwa baliiacha! Tukaivuta yote. Tukaosha kibuyu."

"Na mkaumwa?"

"Kuumwa? Tuliimba mpaka Vénuste akatuma mutu aseme tunyamaze."

Laurence aliketi kwenye jiwe. Hapo penye moshi wa watu wengi alipata hewa kuliko alivyoipata kutwa nzima. Pombe haikuwa na sumu, na mashahidi wake walikuwa wazima, wanakoroga uji.

"Kwa nini hukumwambia kaka yako?"

"Nimwambie tulikunywa kibuyu ya bakubwa? Ile inapitaka mukononi mwa bababa tu. Atanifukuza kwa nyumba yake, na atakuwa na haki." Akashika mwiko kwa mikono miwili. "Lakini ju ya Connie... Kama utakuwa pale, nitasema. Mi wa kwanza, mbio mbio, nimalize."

"Wewe wa kwanza," alisema Laurence. "Nakuahidi."

Alikumbuka baadaye jinsi alivyolitoa neno lile kwa urahisi.

Mzee Twagirimana alilala kando ya dirisha, ngozi ya uso imegeuka njano, macho bado makali. Laurence alivuta kiti karibu. Hakutaka kuzunguka.

"Mzee, kibuyu kilirudi jikoni kimejaa. Bahizi hakunywa. Lakini na wewe hukunywa."

Mzee alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamwachia machozi.

"We polisi we," alisema. "Nilifinya muheha na meno. Docteur alinikatazaka pombe toka saison ya mvua. Ini yangu imechoka. Nilikunywa maisha yangu yote, Vénuste hajui naachaka. Ningesema aje? Bamwana wangu, mukwe mwenzangu, ananiletea kibuyu, mi nakataa? Ni kusema nanusa sumu."

"Kwa hiyo ukajifanya."

"Nikajifanya." Alifumba macho. "Na sasa banasema aliniua. Nasikia hapa, bananong'ona wakifikiri nalala."

Laurence alimweleza mpango. Ulikuwa mpango mzuri. Hata leo anaamini ulikuwa mzuri. Vénuste aitwe hapa kitandani. Mukamusoni aseme kwanza kwamba wanawake walikunywa kibuyu wakawa wazima, ili sumu ife kabla ya jambo lingine lolote kutajwa. Kisha mzee aseme hakunywa. Kisha ndipo Bahizi, kwenye simu, mbele ya Jean-Luc, aseme kwamba naye hakunywa. Wakati huo neno lake halitamdhuru mtu. Watacheka. Na kinywa cha Bahizi kitakuwa kimeipa kamati kile inachotaka.

"Muzuri," alisema mzee. "Muzuri kabisa."

*

Vénuste alikuja na uso uliokunjwa, akasimama miguuni pa kitanda bila kuketi. Alikuwa mkulima wa viazi mwenye mabega mapana, na kwa siku zote hizi alikuwa amelala kwenye benchi la nje ya wodi. Laurence hakuweza kumchukia huyu pia. Alikuwa mwana aliyeogopa kumpoteza baba.

"Mi nataka kitu moja tu, na siyo video, ni kinywa yake," Vénuste alisema. "Bahizi alionja, ao hakuonja? Kama alionja, Jumamosi tunacheza. Kama hakuonja, mutoto yangu haendi kwake. Mutu analeta pombe, anaogopa kuionja, alikuwa anajua nini ndani?"

"Utajua sasa hivi," alisema Laurence.

Dirishani boti ya zamu ilikuwa imekwisha kuwashwa, moshi wake ukilala juu ya maji. Alimpigia Jean-Luc, akaweka simu kwenye kipaza sauti, akaiweka kitandani.

"Chef, Bahizi yuko hapo?"

"Iko mbele yangu. Fanya mbio. Boti inaningoja mimi."

"Bahizi, unanisikia? Niko hospitali, na mzee, na Vénuste, na shangazi Mukamusoni. Usiseme kitu bado. Sikiliza kwanza."

"Nasikia, madame." Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyekwisha kutajwa mahakamani.

Laurence alimgeukia Mukamusoni, akampa ishara. Mwanamke alisogea mbele, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Na mzee Twagirimana akainua mkono.

Mkono ule ulikuwa mwembamba, umeunganishwa na chupa ya maji ya dawa, lakini chumba kizima kiliutii. Mukamusoni alifunga mdomo palepale na kurudi nyuma. Vénuste alivua kofia. Hapo ndipo Laurence, mtoto wa Bukoba, alipoliona shimo ambalo mtu yeyote wa Kanama angeliona tangu mapema: alikuwa amepanga binti aongee kabla ya baba yake, baba akiwa macho na kaka akiwa amesimama. Mzee alikuwa amesema mpango ni mzuri kwa adabu tu. Jambo la wakwe huanzishwa na mkubwa, hata awe anakata roho. Laurence alinyoosha mkono kuichukua simu, na mkono wake mwenyewe ukakataa kumpokonya mzee.

"Bamwana," alisema Twagirimana kwenye simu, taratibu, kila neno mahali pake. "Ni mimi. Nataka ujue kitu moja. Pombe yenye uliniletea, mi sikukunywa."

Laurence aliona kile ambacho Bahizi alikuwa akikiona kule ofisini kwenye dirisha lililopigiliwa misumari: mkwe mgonjwa, mbele ya mwanawe, anatangaza kwamba aliikataa pombe yake. Na mtu huikataa pombe kwa sababu moja.

"Bahizi, subiri," alisema Laurence. "Bado hujasikia..."

"Muzee." Sauti ya Bahizi ilipanda juu ya yake. Haikuwa nyembamba tena. "Muzee, usiseme vile. Mi nilionja. Mbele yako, mbele ya batu bote. Nilikunywa, nikameza, ndipo nikakupatia. Naapa kwa kichwa ya mutoto wangu mwenye anaoa kwako. Mi siwezi kuleta kitu mubaya kwa nyumba ya Connie."

"Bahizi!" Laurence alikuwa amesimama. "Usiape!"

"Nimeapa, madame. Andika. Nilikunywa."

Vénuste aliachia pumzi ambayo huenda aliishikilia tangu baba yake aanguke. Mabega yake makubwa yalishuka, akapiga viganja, machozi yakamtoka bila aibu.

"Bon! Alionja! Amesema mwenyewe, ameapa! Papa, umesikia?" Akaishika simu kwa mikono miwili kama mkono wa mtu. "Bamwana, unisamehe. Jumamosi tunakungoja. Sumu gani, ni ugonjwa tu, ni uzee. Unisamehe, bamwana."

"Iko sawa," ilisema simu. "Iko sawa, Vénuste. Yameisha."

Vénuste alitoka mbio kumwita mkewe, akiita jina la Connie ukumbini kote. Wodini walibaki watatu na simu.

Laurence alimtazama Mukamusoni. Mwanamke alikuwa ameanza kukunja shuka la mgonjwa lisilohitaji kukunjwa. Alijua kila kitu, na alijua pia kwamba neno lake, ambalo dakika chache nyuma lingemwokoa Bahizi, sasa lingemfanya mwongo aliyeapa kwa kichwa cha mtoto wake. Aliinua macho mara moja tu, akatikisa kichwa. Hapana, madame. Laurence hakumlazimisha. Angemlazimishaje?

Mzee alimvuta Laurence kwa kidole, akanong'ona ili simu isisikie.

"Anadanganya, yule. Muheha ulinifikia mukavu. Nilijua toka siku ile. Nilitaka nimufungue, madame. Nilifikiri nikisema mi sikukunywa, atapumua."

"Najua, mzee."

"Nimemufunga?"

Laurence alikuwa na hasira na mzee, na mila, na kamati, na zaidi ya wote na nafsi yake, na hakuna kati ya hao aliyekuwa na kosa la kumtosha kumpigia kelele. Alikuwa na ushahidi wote mkononi. Mashavu, kibuyu, wanawake wa jikoni, mrija. Ushahidi huo ungethibitisha kwamba mtu yule hajagusa pombe tangu Goma. Na ungethibitisha, kwa ushahidi uleule, kwamba amedanganya mbele ya mkuu wa usalama, jambo ambalo yeye mwenyewe asubuhi alimwambia halina msamaha. Na kabla ya giza Ganza angekuwa amelipeleka Kanama.

"Laurence?" Jean-Luc hakuwa mkali. Hilo ndilo lilimuumiza. "Umesikia alichosema?"

"Nimesikia, chef."

"Na wewe uko na kitu kingine? Kitu ya kuweka mbele ya kamati? Sema sasa, boti bado iko."

Nje, ukumbini, mtu alikuwa ameanza kupiga vigelegele. Mzee alikuwa amemshika Laurence mkono, hakuuachia.

"Sina," alisema Laurence.

"Donc andika."

"Nitaandika nilichosikia."

Jean-Luc alisahau kukata simu. Laurence alisikia kiti cha plastiki kikisogezwa, kisha hatua za mtu asiye na haraka. Kisha kitu chepesi kikawekwa mezani, taratibu, kwa adabu. Aliijua sauti ile. Ilikuwa kadi ya mlango wa chumba cha mitambo.

"Aksanti, chef," alisema Bahizi. "Unaweza kufunguaka mulango? Nataka kuenda kuambia kijana wangu."

Ziwani, boti iligeuza pua na kuondoka.